Shahidi Kando ya Mashine: Historia ya Kupima Nguvu Farasi

Karatasi inayotoka kwenye printa baada ya pikapu ya kasi ya Kimarekani kupimwa juu ya daino (dainamomita, mashine ya kupimia nguvu) huwa na mistari miwili iliyopinda. Mmoja unaonyesha nguvu ya kuzungusha, wa pili unaonyesha nguvu farasi. Ikiwa yote miwili imechorwa kwa futi na ratili katika skeli moja, itakatana penye mizunguko 5,252 kwa dakika, liwe gari ni Ford, Dodge au GMC. Dizeli nyingi hazifiki kasi hiyo, lakini zingefika, mistari yao ingekatana papo hapo. Mahali hapo hapakuchaguliwa na mhandisi yeyote wa Detroit. Ni 33,000 ikigawanywa kwa pai mara mbili, na 33,000 ni hesabu ya James Watt ya kiasi cha kazi ambacho farasi mmoja wa kinu angeweza kufanya kwa dakika. Hesabu ya kuuzia mashine za mvuke za karne ya 18 ingali inaamua umbo la karatasi ambayo kijana wa Texas anaibandika ukutani gerejini. Naona hapo ushahidi wa jambo pana zaidi. Kipimo cha nguvu farasi kilianza kama makubaliano ya kibiashara, kimeendelea kuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 200, na dainamomita yenyewe ni zao la kutoaminiana. Namba yake imekuwa ya kutegemewa pale tu mtu mwenye maslahi tofauti na ya muuzaji alipoweza kuirudia au kusimama kando akiitazama.

Tuanze na Watt, kwa kuwa wengi humsimulia kana kwamba alikuwa mwanasayansi aliyetaka kujua farasi ana nguvu kiasi gani. Alikuwa mfanyabiashara mwenye tatizo la ankara. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton waliuza mashine za kuvuta maji kwa wachimba madini wa Cornwall, na malipo yao yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa ikilinganishwa na mashine ya zamani ya Newcomen. Mpango huo ulifanya kazi mradi mteja alikuwa na mashine ya zamani ya kulinganishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 walipoanza kuuza mashine za kuzungusha kwa wenye viwanda, mteja hakuwa na Newcomen; alikuwa na farasi. Ikabidi watafute farasi mmoja ni sawa na nini. Hesabu ya Watt ilimchukua farasi anayezunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha futi 12, mara 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180. Jibu lilikuwa zaidi kidogo ya futi-ratili 32,500 kwa dakika, na kufikia 1783 alikuwa akitumia 33,000. Kwa kila nguvu farasi moja mteja alilipa pauni 5 kwa mwaka, au pauni 6 akiwa London. Kizio tunachokiona leo kwenye matangazo ya magari kilizaliwa kikiwa kizio cha kutozea ada.

Hapa msomaji aliyesoma fizikia atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema kazi kwa muda ni jambo la asili, halijali mkataba. Nguvu farasi moja ni wati 745.7 hata Boulton na Watt wangefilisika. Ni kweli, na sidai kwamba nguvu yenyewe ni maoni. Lakini angalia mambo mawili ambayo fizikia haiyaamui. La kwanza ni ukubwa wa kizio. John Desaguliers alikadiria farasi kuwa futi-ratili 44,000 kwa dakika, na John Smeaton, mhandisi makini kuliko wengi wa zama zake, alisema 22,916. Kama wenye viwanda wangekubali farasi wa Smeaton, pikapu ya Ford F-150 Lightning ya mwaka 2001, ambayo ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 380, ingeuzwa leo kama ya 547, na mistari kwenye karatasi ya daino ingekatana karibu na mizunguko 3,650. (Farasi mwenyewe hakuulizwa. Makala iliyotoka mwaka 1993 katika jarida la Nature, ikitumia rekodi za mashindano ya kuvuta ya Iowa ya mwaka 1925, ilikadiria kwamba kwa sekunde chache farasi mmoja anaweza kufikia karibu nguvu farasi 15.) Jambo la pili ndilo kubwa: fizikia inakupa nguvu mahali unapoipima, haikuambii upime wapi. Kwenye silinda? Kwenye krenki? Baada ya giaboksi? Kwenye tairi? Injini ikiwa na feni na ekzosi yake au ikiwa uchi? Kila swali kati ya haya limejibiwa kwa mabishano, na kila jibu lilikuwa na mtu wa kunufaika nalo.

Karne ya 19 ilionyesha kinachotokea pale jibu linapoachwa kwa kanuni ya karatasini. Mashine za meli zilipewa cheo cha nguvu kwa kupima vipenyo na mwendo wa pistoni, kwa kudhania kwamba mvuke unasukuma kwa ratili 7 kwa inchi ya mraba, kama enzi za Watt. Mabwela yaliboreshwa, kanieneo ya mvuke ikapanda mara kadhaa, lakini kanuni ikabaki. Matokeo yake meli iliweza kuwa na mashine inayotoa nguvu mara tatu au nne ya ile iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Muuzaji hakulalamika kwa kuwa alionekana mkarimu, na mnunuzi hakulalamika kwa kuwa alipata zaidi. Aliyepata shida ni mtu aliyetaka kulinganisha mashine mbili. Watu wa aina hiyo walihitaji kifaa. Mjini Paris mwaka 1821 Gaspard de Prony alitengeneza breki ambayo fundi yeyote angeweza kuielewa: vipande viwili vya mbao vinabana shafti kwa boliti, kimoja kina mkono mrefu, na mwisho wa mkono huo unaning'inizwa uzito. Unabana mpaka mkono utulie mlalo huku shafti ikiendelea kuzunguka. Urefu wa mkono, uzito na idadi ya mizunguko vinakupa nguvu. Joto la msuguano lilikuwa adui wa breki hiyo, na kwa mashine kubwa mbao zingeungua. William Froude alilitatua mwaka 1877 alipobuni dainamomita ya maji kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, ambamo gurudumu lenye vikombe huzungusha maji ndani ya kasha, maji yanapokea joto, na kasha hutaka kuzunguka lakini linazuiwa na mkono ulioshikamana na mizani. Daino za maji zinazopimia injini za mbio leo zinafuata wazo hilohilo. Kilichobadilika ni kwamba swali lilihamishwa kutoka kwenye umbo la mashine kwenda kwenye matokeo yake, na yeyote aliyekuwa na mkono, uzito na saa angeweza kumwambia mwenye kiwanda kwamba amedanganya.

Serikali, hata hivyo, zilirudi kwenye umbo. Kuanzia mwaka 1910 Uingereza ilitoza kodi ya magari kwa kanuni iliyochukua kipenyo cha silinda peke yake: kipenyo kwa inchi, kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe, kikizidishwa kwa idadi ya silinda, kikigawanywa kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa, basi watengenezaji wakajenga injini nyembamba zenye pistoni za mwendo mrefu, na mtindo huo uliwaandama mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Austin Seven ya mwaka 1922 ilibeba daraja lake la kodi katika jina. Magari mengine yalibeba namba mbili, kama Wolseley 14/60, ambamo ya kwanza ilikuwa ya mtoza kodi na ya pili ya dereva. Ufaransa ilikuwa na farasi wake wa kodi, ndio waliompa Citroën 2CV jina, na mwenye gari wa Kongo angali anakutana nao anapolipia vinyeti. Nalitaja hili kwa kuwa linathibitisha hoja kwa upande wa pili. Katika kodi, anayetangaza anatafuta namba ndogo, na namba ikapungua. Katika duka, anatafuta kubwa, na ikakua. Injini ni ileile.

Marekani iliishi na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1960 watengenezaji walitangaza nguvu ya jumla: injini ilifungwa kwenye daino ya maabara bila feni, bila kichujio cha kawaida cha hewa, mara nyingi na ekzosi pana za maabara, na muda wa cheche ukarekebishwa kila kasi ilipobadilika. Hiyo ilikuwa namba ambayo hakuna mnunuzi angeikuta barabarani. Lakini kampuni za bima zilipoanza kutoza zaidi magari yenye nguvu, namba nyingine zikashushwa kwa makusudi. Chevrolet Camaro Z/28 iliandikwa 290, na waliopima injini hiyo walipata zaidi kwa mbali. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha maonyesho palikuwa na magari yaliyotiwa chumvi na mengine yaliyopunjwa, yote kwa herufi zilezile mbili. Kufikia mwaka 1972 kampuni zilikuwa zimehamia kipimo cha nguvu halisi, injini ikiwa na pampu, altaneta, kichujio na ekzosi yake kamili. Injini kubwa ya Cadillac Eldorado yenye lita 8.2 ilishuka kutoka 365 mwaka 1971 hadi 235 mwaka uliofuata, na ilikuwa karibu injini ileile. Wapo wanaosimulia mwaka huo kama msiba ambamo sheria za moshi ziliua nguvu. Sheria za moshi zilichangia, lakini sehemu kubwa ya anguko lile ilikuwa ya kalamu.

Pikapu za kasi zilizaliwa katika mwanya wa sheria hizohizo. Mwaka 1978 Dodge ilitoa Li'l Red Express, pikapu nyekundu yenye mabomba mawili ya ekzosi yaliyosimama wima nyuma ya kebini, na V8 iliyoandikwa nguvu farasi 225. Kwa kuwa iliangukia kundi la malori ambalo wakati huo halikulazimishwa kuwa na kichujio cha kikemikali kwenye ekzosi, ilipumua kuliko magari madogo. Jarida la Car and Driver liliripoti kwamba hakuna gari la Kimarekani lililofika maili 100 kwa saa haraka kuliko hiyo. Lori, tena la mbao pembeni, liliiaibisha Corvette. Gari walilopewa kulijaribu lilikuwa la majaribio, lenye injini iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko zile zilizouzwa, na hilo nalo ni somo kuhusu nani anayechagua gari la kupimwa. Mwaka 1991 GMC Syclone, V6 yenye tabo na nguvu farasi 280, iliishinda Ferrari 348 kwenye robo maili, katika shindano la jarida hilohilo. Ford ikajibu na Lightning: 240 mwaka 1993, 360 mwaka 1999 ilipowekewa supachaja, 380 mwaka 2001. Dodge ikachukua V10 ya Viper, lita 8.3, ikaitia ndani ya Ram SRT-10 ya mwaka 2004 na kuandika 500.

Mashabiki wa robo maili hupenda kusema kwamba haya yote hayahitaji daino, lami inaamua. Wakitaka kujua nani ameshinda, wako sahihi. Lakini Syclone ndiyo inayowapinga vizuri zaidi: Ferrari ilikuwa na nguvu farasi zaidi ikapitwa, kwa sababu lori lilisukuma kwa magurudumu manne na halikuteleza wakati wa kuondoka. Lami inapima tairi, uzito, difu, dereva na joto la siku hiyo pamoja na injini. Fundi aliyebadilisha puli ya supachaja anataka kujua puli imefanya nini, peke yake, na kwa hilo lami ni shahidi mwenye maneno mengi mno.

Ndiyo maana daino ya rola ilibadilisha mizani ya mamlaka kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Gari linapandishwa lilivyo, linafungwa kwa mikanda, na magurudumu yanazungusha pipa zito la chuma. Katika aina ya Dynojet uzito wa pipa unajulikana, kwa hiyo muda linaochukua kuongeza kasi unatosha kutoa nguvu. Aina nyingine huongeza breki ya sumaku ya umeme na kusoma mkono, Prony wa kisasa. Kwa mara ya kwanza mteja wa kawaida aliweza kukodi kipimo kwa bei ya mlo mzuri na kuuliza swali ambalo zamani lilikuwa la jeshi la majini. Kilichotokea mwaka 1999 kinafaa kukaa katika kila historia ya biashara hii. Ford Mustang Cobra, kutoka kitengo kilekile kilichotengeneza Lightning, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 320. Wenye magari waliyapeleka kwenye rola, wakalinganisha karatasi, na namba zikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Ford ilisimamisha mauzo, ikayaita magari yarudi, ikabadilisha njia ya kuingizia hewa, sehemu ya ekzosi na programu ya kompyuta. Miaka mitatu baadaye Hyundai na Kia zilikiri kwamba magari zaidi ya milioni moja yaliyouzwa Marekani yalikuwa yameandikiwa nguvu nyingi kuliko yaliyokuwa nayo.

Je, basi rola ndiyo ukweli? Hapa naachana na wapenzi wake. Rola inasoma nguvu ya tairi, na tairi iko mbali na krenki. Ili kurudi kwenye namba ya kiwanda, mafundi hugawanya kwa 0.85, wakidhani kwamba giaboksi na difu hula asilimia 15 daima. Hakuna sheria ya mashine inayosema hivyo. Upotevu hutegemea gia, mafuta na joto lake, upepo wa tairi, hata jinsi mikanda ilivyokazwa, na injini ikiongezewa nguvu maradufu si lazima difu nayo ile maradufu. Daino moja ya breki ilipata jina la utani la mvunja mioyo kwa kuwa ilizoea kusoma chini kuliko Dynojet kwa gari lilelile. Kisha kuna hewa. Programu huirekebisha namba ionekane kama iliyopimwa katika hali ya kawaida: kipimo kipya cha chama cha wahandisi wa magari, SAE, kinachukua nyuzi joto 25 na kilopaskali 99, huku cha zamani kikichukua hewa baridi zaidi na nzito zaidi, na kutoa karibu asilimia 4 za ziada bila mtu kugusa spana. Bonyeza kitufe kimoja, gari limeongezeka nguvu.

Marekebisho haya si hila kwa asili yake, na mtu wa Nairobi anaweza kuona faida yake haraka. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hubaki na sehemu ya nguvu yake inayokaribia kiasi hicho. Bila marekebisho, fundi wa Nairobi na wa Mombasa hawawezi kulinganisha karatasi. Lakini namba iliyorekebishwa inaeleza hewa ambayo gari la Nairobi halitaivuta mpaka lishuke pwani. Kwa pikapu ya dizeli yenye tabo inayolazimisha hewa ndani, hata hesabu yenyewe inapotoka: tabo tayari imefidia sehemu ya mwinuko, kisha programu inafidia tena. Karatasi nyingi za kujivunia kutoka milimani zina farasi waliozaliwa hivyo.

SAE ilipoamua kusafisha uwanja, haikubuni mashine mpya. Mwaka 2004 ilibana kanuni zake za kupimia, na mwaka 2005 ikaongeza utaratibu uitwao J2723, ambamo kampuni inayotaka kuandika kwamba nguvu yake imethibitishwa lazima ipime mbele ya shahidi aliyeidhinishwa. Injini ya kwanza kupita ilikuwa ya Corvette Z06, na ikatoka na 505 pale kampuni ilipokuwa imekadiria 500. Wengine walishuka: Toyota Camry ya V6 ilitoka 210 hadi 190 chini ya kanuni zilizobanwa, bila boliti moja kubadilishwa. Utaratibu huo ni wa hiari, na hilo ni udhaifu wake. Naona hata hivyo kwamba waliotunga walielewa biashara yao. Maabara za Detroit hazikuwahi kukosa daino nzuri. Zilikosa mtu wa nje ndani ya chumba.

Siku hizi namba zimefika mahali ambapo tofauti zake haziwezi kuhisiwa na kiti. Ram TRX ya mwaka 2021 iliandikwa 702, Ford Raptor R ikaja na 700, kisha mwaka 2024 ikapandishwa hadi 720. Kosa la kawaida kati ya rola mbili za jirani linazidi pengo hilo. Ugomvi wenye maana umehamia kwenye umeme. Mwaka 2020 GMC ilipotangaza Hummer ya betri, iliandika nguvu ya kuzungusha ya futi-ratili 11,500, namba ambayo ingemfanya mtu adhani pikapu ya dizeli yenye 1,000 ni mchezo wa watoto. Ilipatikana kwa kuhesabu nguvu kwenye magurudumu, baada ya gia kuizidisha, wakati pikapu za dizeli huandika iliyopo kwenye krenki kabla ya gia. Dizeli ikihesabiwa hivyo kwenye gia ya kwanza nayo huvuka 10,000. Na mota zikiwa mbili au tatu, kujumlisha uwezo wa kila moja hakutoshi, kwa kuwa betri ndiyo inayoamua kiasi gani kinatoka na kwa sekunde ngapi. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2020 kanuni ya kimataifa namba 21 inayoeleza namna ya kupima nguvu ya mfumo mzima wa magari ya aina hiyo. Sehemu yake ngumu zaidi inahusu swali lilelile: nguvu isomwe katika sehemu gani ya gari, na kwa muda gani kabla haijaanza kushuka.